Maji ya Tanuri na Sauna ya Mama Hilja

Mume wangu Reino ni mbishi, na ubishi wake ulikaribia kututoa nyumbani kwetu.

Tulinunua tanuri jipya la gesi la kupashia nyumba joto. Haya ya kisasa hayapotezi moto, ila hutoa maji, nayo lazima yapate pa kwenda. Nyumba yetu hapa Hancock, mji wa baridi kali, ina tundu moja tu la sakafuni la kutolea maji, na liko kule chini, ndani ya sauna, kichumba cha mbao tunachoogea kwa mvuke kila Jumamosi. Fundi akasema toboa ukuta wa sauna, pitisha bomba, kazi kwisha. Reino akamtazama kana kwamba katukanwa, akamwambia bomba atafunga mwenyewe.

"Yale maji yana asidi," akaniambia. "Hayaingii pale alipooshwa mama."

Ni kweli, mama yake, Hilja, alipofariki tulimwosha mle, mimi na dada yake Reino, kama walivyofanya wazee wetu tangu Ufini. Basi Reino akatoboa ukuta wa nje, akaelekeza bomba uani. Uani! Huku ambako theluji hufika madirishani! Nilipomwambia, akanijibu nishughulike na mkate wangu wa iliki.

Januari bomba likaganda, maji yakarudi nyuma, tanuri likajizima. Binti yetu Kirsti alikuja kututembelea kutoka mji wa Lansing, akanikuta jikoni nimevaa koti. Hakupiga kelele.

"Mama, likizima tena, nyumba inauzwa. Mnakuja kwangu."

Kirsti hatishi mtu bure, kanirithi mimi. Reino akayeyusha barafu kwa maji moto, kisha akalivika bomba blanketi. Blanketi! Nilicheka, halafu nikaingia chumbani nikalia. Sikutaka kuzeekea kwenye chumba cha wageni cha mtu, hata awe mwanangu wa kumzaa.

Februari, Jumamosi moja mchana, likaganda tena. Jioni Kirsti angepiga simu kama kawaida yake. Nikawasha kuni kwenye jiko la sauna, maana hapo ndipo pekee tungepata joto, tukakaa kwenye benchi kama tulivyozaliwa. Reino akayamwagia maji mawe ya moto yaliyo juu ya jiko. Mvuke ukatufunika, maji yakatiririka sakafuni.

"Reino, maji tuliyomwoshea mama yako yalikwenda wapi?"

"Lempi, usianze."

"Nakuuliza tu. Yalikwenda wapi?"

Akatazama tundu. "Humo humo."

"Na ya Kirsti alipokuwa mchanga? Na grisi yako ya gereji, miaka nenda rudi? Mama yako alikuwa anaoga hapo hapo baada yako, wala hakuwahi kulalamika. Au unataka siku roho yake ikija kututafuta ikute wageni?"

Alimwaga maji tena, akakaa ameinamisha kichwa mpaka mvuke ukaisha. Kisha akajifunga taulo, akatoka, akarudi na drili. Alitoboa ubao wa ukuta aliougongomea baba yake, jasho likimtiririka, nami nikamshikia bomba la plastiki akipaka gundi. Akalilaza mteremko hadi kwenye tundu. Kabla halijafika, akaunga kopo la vipande vya chokaa, maji yapite humo yapungue ukali. Nikamwambia sasa anayaogesha hata maji. Hakucheka.

Tanuri likawaka. Tulisubiri kitambo, tone la kwanza likaanguka. Reino akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji.

"Mama, niwie radhi," akasema. "Hatutaki kuondoka hapa."

Nilimpenda saa ile kuliko siku aliyonioa.

Kirsti alipopiga simu, nilimwambia ukweli, kwamba tanuri lilizima tena na sasa linawaka.

"Bomba mmelipitisha wapi safari hii?"

"Kwenye sauna."

"Baba kakubali?"

"Kalifunga mwenyewe."

Nikasikia anavuta kamasi.

"Basi kaeni, mama," akasema. "Kaeni kwenu."