Jicho Mbele ya Wakwe

Wageni kutoka Chwele walipofika kwangu Tongaren Jumamosi ile, nilikuwa nimeomba jambo moja tu tangu alfajiri: mwili wangu utulie mpaka waondoke.

Ni mwaka wa pili sasa. Ndani yangu kuna kutetemeka ambako mtu akinitazama hakuoni. Ni kama mashine ya posho inayosaga kwa jirani. Huioni, lakini ukiweka mkono ukutani unaisikia. Mara inakaa kifuani, mara tumboni. Halafu misuli inaanza kucheza yenyewe, leo paja, kesho jicho. Nilikwenda Kitale, nikatolewa damu, nikapigwa picha, wasione kitu. Daktari aliyenipokea, binti anayeitwa Jerop, alivuta kiti chake karibu na changu. "Nyanya," akasema, "sijui ni nini. Lakini najua hudanganyi." Maneno hayo nimeyatunza.

Sikumwambia mtu mwingine. Kwetu, watu wakija kuposa huulizia kama kuna ugonjwa katika ukoo. Mjukuu wangu Phelista nilimlea tangu akiwa hajaota meno, mama yake alipofariki. Sikutaka mwili wangu umkoseshe mume. Nikaacha kwaya, nikaacha kupeana mikono kanisani. Majirani wakasema nimeingiwa na maringo. Niliwaacha waseme.

Kwa kuwa nilimlea, siku ile niliketi mahali pa mama. Levi, kijana anayemwoa, akawa mkwe wangu, na baba yake, Mzee Wekoye, vivyo hivyo. Watu wa namna hiyo hatugusani mikono wala hatutazamani usoni.

Wazee walipomaliza mazungumzo yao, Mzee Wekoye alisimama akavua kofia.

"Mama," akasema, macho yakiwa chini, "limebaki neno lako. Unatupa huyu msichana?"

Niliinua uso nijibu. Hapo jicho la kushoto likaanza. Likafumba, likafumbua, likafumba tena. Naye, kwa kuona nachelewa kujibu, akainua macho wakati uleule.

Kisha shangazi ya Levi akapiga makofi.

"Haiya! Ati mama mkwe anakonyeza mzee wetu! Bana, tumekuja kuoa ama tumekuja kuolewa?"

Wachache walicheka. Kaka yangu hakucheka. Mzee Wekoye alirudisha kofia kichwani polepole, kama mtu anayejiandaa kwenda zake. Niliondoka pale bila kujibu, nikaingia jikoni, nikajifunika uso kwa leso.

Phelista alinifuata. "Kukhu," akaniita, kama tunavyoita nyanya kwetu, "rudi."

"Nirudi niseme nini? Nikinyamaza, mimi ni mwanamke asiye na haya. Nikisema ukweli, watasema una damu mbaya."

"Sema ukweli."

"Kumbe unajua?"

"Si ni mimi nakumiminia chai? Tangu mwaka jana nakuwekea nusu kikombe isimwagike. Ulifikiri majani yamekuwa ghali?"

Sikujua pa kuutia uso wangu. Miezi yote hiyo nilidhani namfichia mtoto aibu, kumbe mtoto ndiye aliyekuwa akinifichia.

Nikarudi. Sikuketi.

"Sikukukonyeza, mzee," nikasema. "Mwili wangu unacheza na siwezi kuuzuia. Hata sasa ninavyosimama hapa, ndani natetemeka. Hospitali hawajapata jina lake. Niliwaficha ili msimkatae mtoto. Nilifanya vibaya. Naomba mnisamehe."

Mzee Wekoye alitazama mlango. "Na msichana? Yeye anayo hiyo kitu?"

Nilitaka kumjibia, Phelista akaniwahi. "Sina, baba. Ya kesho siyajui. Hata Levi hajui yake."

"Ni ukweli," Levi akasema. Ndilo neno lake la kwanza tangu wafike.

Wageni wakaomba watoke kidogo. Walisimama kando ya ghala ya mahindi, tukasikia sauti bila maneno. Goti langu liliruka chini ya nguo. Siku nyingine ningelishika kwa mkono. Siku hiyo niliuacha mkono ulale, na kaka yangu akaliona goti, akasogeza kiti chake mpaka kikagusana na changu.

Waliporudi, Mzee Wekoye alikuwa ameshavua kofia kabla ya kuvuka mlango. Hakusema walichozungumza. Aliuliza upya, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza: "Mama, unatupa huyu msichana?"

Jicho likaanza tena. Shangazi ya Levi, yuleyule wa makofi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutazama sakafu. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, hadi kukawa hakuna mgeni hata mmoja anayeniangalia. Jicho langu lilicheza lilivyotaka.

"Nawapa," nikasema.

Phelista alileta birika. Mama yake Levi alilichukua mkononi mwa Phelista akanijia. Alinimiminia nusu kikombe, akanipa kwa mikono miwili.

Kikombe kiligongagonga kisahani, na kila mtu alikisikia. Aibu ilinichoma bado. Nilikunywa vivyo hivyo, mbele yao, mpaka kikaisha.