Sifuri za Mkuu

Kompyuta ya dirisha la tatu iliganda mara ya nne saa tatu asubuhi, na bibi aliyesimama mbele yake akadhani ni yeye aliyeiharibu.

"Nimeigusa wapi, mwanangu? Mikono yangu hii hapa."

"Hujaigusa, mama. Kaa kwenye benchi."

Benchi lilikuwa limejaa. Bibi akakaa sakafuni, akainyoosha miguu yake iliyovimba mbele yake kama mizigo ya mtu mwingine.

Karani wa kumbukumbu, ambaye hospitali nzima ilimwita Faili, alizima mashine, akaiwasha, kisha akaandika jina la bibi kwenye daftari lake, chini ya mengine matatu ya wazee waliotangulia. Cheti cha kompyuta hakuwa nacho. Shule aliiacha darasa la saba. Kompyuta aliijua kwa kuifungua na kuifuta vumbi, kama mtu anavyomjua punda wake. Ijumaa mfumo ulikuwa mzima. Jumamosi alikuja shemeji wa Mkuu wa kitengo, mwenye kampuni iliyouza mfumo ule, akaweka toleo jipya. Jumatatu hii baadhi ya mafaili yalifunguka vizuri, na mengine ukiyagusa tu, madirisha yote matano yanaganda.

"Ni virusi," alisema dada wa dirisha la nne.

"Virusi gani hivyo vinavyochagua wazee?" Faili akamjibu, akajisikia alichosema.

Alishuka stoo akayatoa mafaili ya zamani ya karatasi. Wazee wote wanne hawakujua siku waliyozaliwa. Bibi alikuwa ameandikiwa "mwaka wa nzige", na pembeni mtu akakisia mwaka. Kwenye kompyuta, siku yake ilikuwa sifuri na mwezi sifuri.

Sifuri zile alizipiga yeye. Miaka kumi nyuma, walipokuwa wakihamisha karatasi kuingia kwenye mashine, Mkuu alisimama mgongoni kwake akasema, "Hajui siku? Weka sifuri, twende. Usinipotezee muda na vikongwe." Faili alikuwa mgeni, aliogopa kusahau, akaliandika agizo hilo ukurasa wa kwanza wa daftari. Mfumo wa zamani ulizimeza sifuri bila neno. Toleo jipya lilitaka kuhesabu umri wa kila mgonjwa. Likifika kwenye siku isiyokuwepo, linakosa pa kuanzia, linaanguka na madirisha yote.

Aliingia kwa nyuma, kwenye jedwali lenyewe, akambadilishia bibi sifuri kuwa tarehe mosi Januari. Faili lake likafunguka.

Wenye sifuri walikuwa mia nne na kumi na wawili. Aliwarekebisha mmoja mmoja, siku mbili, chakula akila huku anapiga. Mwisho akakuta kwenye mipangilio ya hospitali nzima kisanduku ambacho shemeji hakukigusa: kataa tarehe isiyokuwepo kwenye kalenda. Akakitia alama.

Jumatano akampelekea Mkuu daftari.

"Faili, wewe ni mwamba!" Mkuu alicheka, akamvutia kiti. Kwa miaka kumi hakuwahi kumvutia kiti. "Niandikie ripoti. Wakubwa wajue nani ametuokoa."

Faili akaandika: sifuri niliziingiza mimi, kwa agizo la Mkuu.

"Hiyo ya agizo ya nini, ndugu yangu? Ripoti fupi ndiyo inayosomwa. Andika upya. Hapo. Tia sahihi. Na daftari niachie nilipitie."

"Na ule uthibitisho wangu wa kazi, Mkuu? Tarehe kumi na nne mwezi huu nimetimiza miaka kumi ya ukibarua. Kanuni inasema..."

"Kanuni nimeitunga mimi au wewe? Wiki hii nasaini."

Nyumbani mkewe alikuwa akizunguka jikoni kwa kushika ukuta. Nyonga yake ilikuwa imesagika, na hospitali ilizifanyia upasuaji bure familia za waliothibitishwa, si za vibarua.

"Wiki hii," Faili alisema.

"Basi mwambie daktari aanze kunoa kisu." Alicheka, kisha akageuka. "Na daftari liko wapi?"

"Kwa Mkuu."

"Umemwachia?"

"Mke wangu, Mkuu si mwizi."

Mkewe akarudi kwenye sufuria, mkono ukutani. 

Jumatatu iliyofuata mlinzi alimsimamisha getini.

"Kaka, jina lako halimo." Akampa bahasha bila kumtazama usoni.

Kibarua chake kilikuwa kimesitishwa kwa kuingiza taarifa za uongo, kama alivyokiri kwa sahihi yake. Barua iliandikwa tarehe thelathini Februari, wiki mbili kabla hajatimiza miaka kumi.

Faili aliisoma tarehe mara tatu. "Februari ina thelathini?"

"Mimi nafungua geti, kaka. Kalenda si yangu."

Dirisha la malalamiko ya watumishi lilitazama barabarani, hivyo hakuhitaji geti. Dada wa pale aliipokea barua, akapiga herufi. Mashine ikalia. Akapiga tena. Ikalia tena.

"Inasema tarehe haipo."

"Najua haipo, dada. Ndiyo maana nimekuja."

"Bila tarehe ya barua fomu haiendi. Zamani ilikuwa rahisi, tunaweka sifuri tunasonga. Tangu wiki iliyopita kuna mtu kafunga."

Faili alishika ukingo wa dirisha. "Weka ya leo."

"Nighushi? Si wewe mwenyewe umefukuzwa kwa hilo?" Alisema bila ubaya, akairudisha barua chini ya kioo. "Nenda kwa aliyeiandika, akurekebishie."

"Aliyeiandika yuko ndani ya geti."

"Sasa mimi nifanyeje, kaka? Jamani, anayefuata."

Simu ikaita mfukoni. Mkewe.

"Nimeona kimya. Umeonana na Mkuu? Wametupa tarehe?"

"Wametupa."

"Alhamdu... ya ngapi?"

Faili akaitazama barua. Nyuma ya kioo dada alikuwa amekwisha kuanza fomu ya mtu mwingine, na mashine ilikwenda vizuri, haigandi.