Karata Tano za Safari

Swali la kijinga kuliko yote ni "nini kinaningoja maishani?" Kile kijitabu cha Kifaransa kilichokuja na karata zangu za taroti, za kupigia ramli, kimejaa mipango ya kuuliza mambo ya namna hiyo: mapenzi, hatima, roho. Aliyeniachia karata alikuwa mwalimu wa ushonaji, Mfaransa, akarudi kwao mkataba wake ulipoisha. Labda yeye alikuwa na nafasi ya kuuliza hatima. Sisi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale tunauliza kama maharage yapandwe wiki hii au yangoje, kama mbuzi aliyepotea amechinjwa au amefungwa kwa mtu, kama fundi wa Rugaaga ataleta mlango aliouahidi.

Kwa hiyo nilianza kutunga mipango yangu. Mpango ni namna ya kuzilaza karata mezani: hii ya kwanza inajibu nini, ile ya pili inajibu nini. Mpango wa mvua una karata tatu, wa kitu kilichopotea una nne. Na siutumii kabla ya kuujaribu. Kwanza nauliza jambo ambalo jibu lake nalijua tayari, kama mvua ya mwaka uliopita. Mpango ukisema uongo juu ya jambo lililokwisha, nitauaminije kwa la kesho? Nauvunja, nahamisha karata, nauliza tena. Ukipita hapo, naujaribu kwa mtu mwenye swali la kweli, kwa sharti moja tu: arudi kuniambia mambo yalivyokwenda.

Hakuna anayerudi. Mchungaji Nehemiya alishahubiri kwamba karata zangu ni za shetani, waumini wakaitika amina, kisha wakaja kwangu kwa kupitia nyuma, kwenye migomba. Mtu akishampata mbuzi wake, tukikutana bombani ananitazama kama ndoo. Basi majibu nayachungulia mwenyewe. Napita kando ya shamba la mtu nione kama amepanda, kando ya zizi nione kama mnyama yumo. Mwanamke mzima nazunguka kijiji kizima kwa sababu ya watu wasiojua kusema asante.

Orpa peke yake ndiye aliyepitia mlango wa mbele. Nyumba zetu zilitazamana. Sote tulitoka Uvira, yeye akiwa na binti yake Divine, mimi nikiwa na mimi. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa. Karibu kila siku alikuja na swali: anunue kuku au bata, apande mahindi kabla ya jirani au amfuate, amsuke Divine leo au kesho. Nilimtania kwamba ipo siku atauliza karata kama ugali umeiva. Lakini mipango yangu mingi ilikomaa kwa maswali yake, na kila mara alirudi kunieleza yaliyotokea, akakaa, tukanywa chai mpaka birika likauke. Nilisema moyoni, huyu ndiye anayeielewa kazi yangu.

Siku moja alikuja na swali zito. Jaliah, mfanyabiashara wa vitenge wa mjini Mbarara, alitaka mtu wa kumsaidia kuuza, na chumba cha kulala kilikuwepo.

"Yaya, niende ao nibakie?"

Nilifurahi. Mpango wa safari nilikuwa nimeumaliza majuzi tu, nao ulikuwa haujapata mtu wa kuujaribu. Karata tano: kinachokusukuma, kinachokuvuta, njia yenyewe, unachoacha, utakachokuta. Nikazilaza. Ya kusukuma na ya kuvuta zilitoka nzuri, njia ilikuwa nyeupe. Kwenye nafasi ya unachoacha ikatoka ile ya mzee aliyesimama peke yake gizani, taa mkononi.

"Na uyu ni nani?" Orpa akauliza.

"Ni giza," nikamjibu. "Unaacha maisha ya koroboi. Ku Mbarara kuko umeme."

Akamtazama yule mzee kwa muda. "Basi karata zinasema niende."

"Zinasema uende. Lakini utarudi kuniambia, eh? Nipate kujua kama mpango ni muzuri."

Aliondoka wiki ileile, na hakurudi.

Katika nyumba yake akaingia Mrundi mmoja, Musoni, mtu wa kusalimia kwa kichwa na kufunga mlango. Mimi niliendelea kupika chai ya watu wawili na kuinywa yote mwenyewe. Maharage yakapandwa, yakavunwa, yakapandwa tena. Watu wa migombani waliendelea kuja, wakachukua majibu yao na kwenda. Nilijiambia kinachoniuma ni ule mpango kukaa nusu bila jibu, maana kazi iliyojaribiwa nusu si kazi. Mwishowe nikavaa kitenge cha kanisani, ambako siendi, nikapanda gari la Mbarara.

Sokoni sikupata taabu. Jaliah mwenyewe alikuwa mbele ya kibanda chake, ushungi kichwani na mita ya kupimia shingoni.

"Nyabo, karibu. Wewe nataka kitenge gani?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Namutafuta Orpa."

"Orpa iko. Ile kule, anakatia mutu kitambaa."

Orpa alikuwa amenenepa kidogo, mashavu yamejaa. Alinikumbatia, akanivutia kigoda, akaagiza chai na chapati, akauliza habari za migomba yangu. Mimi si mtu wa kuzunguka.

"Nimekuya juu ya ule mpango," nikamwambia. "Karata zilisema kweli?"

Mikono yake ikasimama juu ya kitambaa. "Ni ile tu imekuleta?"

"Ni ile."

"Zilisema kweli. Tunakula muzuri, Divine anasoma." Akaanza kukunja kitenge, polepole. "Yaya, unajua juu ya nini nilikuwa nakuya kwako na maswali?"

"Juu ulikuwa unaamini karata."

"Miye? Miye ni mutu wa kanisa, sikuwa naziamini hata kidogo. Siku ya kwanza nilikuya kukusalimia tu. Hata sijakaa, ukaniuliza, swali lako ni gani? Nikatafuta moja. Ile ya kuku."

"Na ile ya safari?"

"Ile siku nilitaka kusikia weye, hapana karata. Kama ungesema bakia, ningebakia."

Nikaitafuta hasira yangu, ambayo kwa kawaida haikai mbali, nisiipate. Kilichokuja ni upweke wa misimu yote ile. Tangu aondoke hakuna aliyekuwa ameingia kwangu kwa mlango wa mbele. Nikauona mlango wenyewe, na vumbi kizingitini.

"Rudi," nikamwambia. "Mudogo wangu, nataka urudi. Sina mutu."

Sikumbuki kama niliwahi kumwambia mtu ninachotaka bila kulaza kitu mezani kwanza. Sauti ilitoka ndogo, sikuitambua kuwa yangu.

Orpa akanishika mkono. Mteja akaja akauliza bei, Jaliah akamjibu, mteja akaenda, na Orpa alikuwa bado ameushika. Macho yake yalikuwa na machozi, lakini yalikuwa yanatazama saa ya ukutani, ya Jaliah.

"Maliza chai, yaya," akasema. "Magari ya Nakivale inajaaka mbio."