Mashine Isiyosema Inachofanya

Mashine ya kutotolea vifaranga ilizima hita yake tena mchana ule, na dada mtu akampigia simu mdogo wake. "Njoo uitazame programu yako. Mayai yanapoa."

Mdogo mtu ndiye aliyeiandika programu ile. Alifika akihema, kompyuta kwapani, akamkuta shemeji yake akipanga chupa za maji ya moto chini ya trei, na dada akiifunika mashine kwa blanketi za watoto.

"Inasemaje?" dada akauliza.

"Haisemi kitu. Hapo ndipo penye taabu."

Aliisoma programu kutoka juu hadi chini, asione kosa. Akagusa hiki, akabadilisha kile, akaiwasha. Hita ikashika, wote wakapumua, kisha ikazimika kimya kimya. Maji yalimfika shingoni. Dada yake aliacha kazi kwa ajili ya mayai yale, na aliyemshawishi ni yeye.

"Imenuna kama mama mkwe," shemeji akatania.

Mwishowe akaacha kubahatisha. Kila mahali programu ilipofanya uamuzi, akaongeza mstari wa kuifanya iseme: nimepima joto, nimepata kiasi hiki, nawasha, nazima. Juu kabisa akaweka swichi. Ikiwa moja, programu itasema. Ikiwa sifuri, itanyamaza na kuendelea na kazi. Akaandika moja.

Maneno yakaanza kushuka kwenye skrini. Joto thelathini na tano. Nawasha hita. Joto thelathini na sita. Halafu, ghafla: joto themanini na tano. Hatari. Nazima hita.

"Themanini na tano?" Dada akaingiza mkono. "Mbona humu mna baridi?"

Kipimajoto kilikuwa kinadanganya. Mdogo mtu akaufuata waya wake kwa vidole mpaka akakuta kiungo kimelegea. Kila kilipoachia na kushika tena, kipimajoto kiliamka na namba ile ile ya uongo. Wakakiunga upya, na joto likatulia.

Dada akaanza kuyamulika mayai kwa tochi. Trei ya juu yote ilikuwa imekufa; akayatupa mayai yake kwenye ndoo. Ya kati, vivyo hivyo. Kwenye trei ya chini, karibu na chupa za maji, kitu kilitikisika ndani ya yai, kisha ndani ya jingine.

"Dada, nisamehe."

Dada hakugeuka. "Ndoo imejaa," alisema. "Niletee nyingine."