Kurasa Tisa za Kumtafuta Maige

Jumatatu asubuhi nilikuwa uani nachambua choroko, jirani yangu Mbuke akaingia akakaa kwenye kigoda bila hata kupiga hodi. Si kawaida yake. Mbuke hodi zake huwa tatu, na ya tatu huivuta mpaka jogoo ageuke.

"Mama Hamza," akasema, "wazee wa ukoo wanakaa Jumapili. Kama hakuna habari, wanaweka matanga ya Maige."

Nikaacha choroko.

Maige ni mwanawe wa kwanza. Alikwenda machimboni upande wa Geita, akawa anapiga simu kila wiki, halafu simu ikazimika. Sasa ni miezi kumi na minne. Na kwa kuwa huku kwetu Shinyanga mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, Mbuke hulisikia jina hilo bombani, sokoni, njiani. Mama Maige, umeamkaje? Mama Maige, nipimie nyanya za mia tano. Anaitika, anapima.

Mjukuu wangu Safiya, binti wa Hamza, alitoka ndani na kompyuta yake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Kasoma mambo hayo chuoni. Ametengeneza tovuti ya kutafuta watu waliopotelea machimboni, yenye kurasa tisa, kila mji na ukurasa wake: Katoro, Runzewe, Isaka na mingineyo. Watu hutumiana kwenye simu. Tangazo la Maige lilikuwa na wiki tatu humo, limewekwa kurasa zote, na hakuna aliyepiga.

"Hebu nilione," nikasema, nikavaa miwani. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini kusoma nasoma, na sirukii mstari.

Kulikuwa na picha, chini yake imeandikwa Maige, jina la baba, jina la babu, kijiji, na namba ya simu ya kupiga.

"Hapa hapatikani mtu," nikawaambia.

"Kwa nini, bibi?"

Nikawaeleza. Miaka kumi na moja niliuza chakula Runzewe. Kila asubuhi msimamizi wa duara, yaani lile shimo la kuchimbia, aliniletea karatasi ya watu wa kulishwa mchana. Majina arobaini, na hata moja si la kuzaliwa. Kibiriti. Mzee wa Saa. Mbili Moto. Yupo mmoja nilimlisha miaka minne, nikaja kujua anaitwa Donatus siku anaaga.

"Mama Maige, huko walimwitaje?"

Mbuke akageuza uso ukutani. "Alikuja na rafiki yake mara moja, Idi ile. Akawa anamwita... lile jina la kipuuzi."

"Lipi?"

"Kandambili! Eti kwa kuwa anashuka shimoni na kandambili. Mwanangu ana jina la babu yake, Mama Hamza. Sitaki aandikwe viatu vya bafuni mbele ya watu."

"Basi wazee wataandika jina la babu yake, Jumapili," nikasema. Nilijuta mara ile ile, lilikuwa neno zito. Lakini Mbuke alifuta magoti yake kama yana vumbi, akamwambia Safiya, "Andika. Liandike dogo."

Safiya akaongeza mstari: huko machimboni anaitwa Kandambili. Aliushughulikia siku nzima ya Jumanne, maana kila ukurasa ulikuwa na mchoro wake wa tangazo, aliounakili kwa mkono kutoka ukurasa mwingine. Afungue huu, aongeze, aufunge, afungue ule.

Jumatano hakuna simu. Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri nikachukua simu yangu nikapitia kurasa zote, moja moja, polepole. Isaka upo. Runzewe upo. Nikafika Katoro, nikasoma mara mbili, nikafuta miwani, nikasoma tena.

"Safiya! Katoro hakuna Kandambili."

Alikuja mbio akiwa na povu la sabuni mikononi. Akatazama. "Nimepitiwa, bibi. Katoro ndio nimeusahau."

Katoro! Mji wenye watu wengi kuliko yote, pikipiki zinapishana mpaka mlangoni kwa mtu.

"Mjukuu wangu, sikugombezi. Ila nieleze. Kwa nini unaandika kitu kimoja mara tisa?"

Akacheka kwa aibu. "Tulifundishwa tusifanye hivyo. Nilikuwa na haraka." Akajikausha mikono, akaketi mkekani, nami nikaketi ubavuni nione. Tovuti yake ameijenga kwa lugha ya Python, na kwenye violezo vya kurasa zake kuna kitu kinaitwa makro. Unalieleza tangazo mara moja tu, kwenye faili lake: picha ikae hapa, jina hapa, jina la machimboni hapa, alikoonekana mwisho hapa, simu hapa. Unalipa jina. Yeye aliliita kadi. Baada ya hapo ukurasa hauchori tena kitu, unaita kadi na kuipa habari za mtu, kadi inajichora yenyewe. Ukibadilisha kadi, kurasa zote tisa zimebadilika.

Akafuta ile michoro tisa. Akawasha.

Kurasa zote zikawa nyeupe, na maneno ya Kiingereza juu.

"Yanasemaje?"

"Yanasema kadi haijulikani."

"Si umeiandika sasa hivi, mimi naona?"

"Nimeiandika, bibi, lakini sijaisajili. Programu haina habari nayo."

Hilo nikalielewa bila kuelezwa zaidi. Kule Runzewe kijana anafika na nyundo yake na moko wake, ile patasi ya kupasulia mwamba, kajiandaa kabisa, lakini msimamizi hajamtia kwenye karatasi. Saa saba wenzake wanaitwa kula, yeye kasimama mlangoni pangu na njaa yake. Nitamjuaje? Sikumnyima kwa ubaya.

"Mtie kwenye karatasi," nikamwambia.

"Ndio ninachofanya." Akafungua faili linaloanzisha programu yote, akaongeza mistari miwili: wa kwanza unaichukua kadi kutoka kwenye faili lake, wa pili unaiweka katika orodha ya vitu ambavyo kurasa zote huvijua. Akawasha tena. Nikashika simu. Nikaanza na Katoro.

Maige alikuwepo, na picha yake ya shati la mistari. Huko machimboni anaitwa Kandambili. Tena halikuwa dogo. Safiya alilikoza wino, na kwa kuwa kadi ni moja, lilikolea kurasa zote tisa. Mbuke alipoonyeshwa alisonya, asiseme futa.

Ijumaa ikapita. Jumamosi saa kumi jioni tulikuwa kwa Mbuke, tunachagua mchele kwenye ungo, mchele wa Jumapili. Hatukusema ni wa nini. Simu ikalia, namba ngeni. Mbuke akaipokea, akaweka sauti ya nje, maana sikio lake moja halisikii vizuri.

"Shikamoo mama. Mimi naitwa Eunice, mama lishe hapa Katoro. Nimeona tangazo kwenye simu. Mnamtafuta Kandambili kwani kafanya nini?"

"Kafanya nini?" Mbuke akasimama, mchele ukamwagika. "Mimi ni mama yake!"

"Jamani! Huyu hapa anakula ugali. Kila siku yuko hapa. Wewe Kandambili, njoo, mama yako anakutafuta nchi nzima, we mwanamume gani!"

Tukasikia benchi linaburutwa, watu wanacheka. Halafu sauti ya mwanamume, ya chini, ikimwita mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mayu."

Mbuke alikuwa kashika simu kwa mikono miwili.

"Marahaba, Kandambili," akasema.

Upande ule kijana akaanza kulia. Simu iliibwa, akasema, namba zikapotea nayo, na kurudi nyumbani mikono mitupu aliona haya. Mbuke akamkatiza. "Kesho wazee wanakaa kukuzika. Panda basi la kwanza, uje uwazuie mwenyewe."

Mchele ule tuliupika hivyo hivyo Jumapili, wazee wakala wakimtazama Maige.

Jumatatu Safiya aliongeza mstari mwingine kwenye kadi, wa rangi ya kijani: amepatikana. Ameuandika mara moja tu, akasema kila ukurasa unao. Najua. Hata hivyo nimevaa miwani nimepitia zote tisa, nikianza na Katoro.