Vidole vya Polycarpe

Maman Martine alikuwa akimenya mihogo uani kwake, Nyalukemba, mguu wenye kidonda ameuegesha juu ya bidoni la maji, aliposikia mkasi tena. Ulikuwa ndani ya kidonda hicho. Kila alipomeza kapsuli ya amoksisilini, mkasi ulianza kazi, kacha, kacha, na baadaye bendeji ikadondosha vipande vyeupe vya dawa. Aliketi, akainuka, akaketi tena. Kelele hiyo ilimchosha hadi akalia.

Kapsuli alipewa na jirani yake, Chantal. Zilimbakia Chantal homa yake mwenyewe ilipopoa. Ndivyo majirani wema wanavyoishi pale: dawa inayobaki huvuka ukuta, sawa na chumvi.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Ariane aliinama, akasikiliza.

"Vidudu yako inajua kukata dawa, maman. Minakupa ingine, iko na mwenzake ndani. Ule mwenzake anashika makasi, dawa inapita. Umalize yote. Ukiachia katikati, huu muguu tutaukata."

Jioni, baada ya kidonge cha kwanza, alikuja marehemu mumewe, Polycarpe. Alivua kofia, akasalimu, akaketi, akatia kidole kwenye mkasi. Ukanyamaza. Alipoinuka kuondoka, kidole kilibaki humo.

"Inakuumiza?" Martine aliuliza.

"Kidogo. Maliza tu dawa."

Akawa anakuja kila jioni, na kila jioni anaondoka amepungukiwa kidole kingine. Kidonda kikaanza kukauka. Martine akapanda tena mlima na beseni lake la mihogo kichwani, akajiona amepona kabisa.

Ndipo Chantal alipochungulia juu ya ukuta. Sikio la mtoto wake lilikuwa linatoa usaha.

"Maman Martine, hakukubakia ka dawa?"

Zilikuwepo. Kumnyima jirani ni aibu kubwa, na Martine hapendi aibu.

"Umupasulie kidonge katikati," alisema, akampa zote.

Jioni hiyo Polycarpe aliupita mlango wa mkewe, akaenda kwa Chantal, kwa kuwa vidonge vilikuwa huko. Mtoto akaacha kulia. Martine alifurahi, akavuta mihogo yake, akaendelea kumenya. Mguu ukaanza: kacha, kacha.

Alimngoja Polycarpe arudi, akamwita kwa hasira. Polycarpe akainua viganja vyake. Havikuwa na kidole hata kimoja.

"Nitaushika na nini sasa, mama?" alisema, akavaa kofia kwa shida, akaenda zake.

Martine aliketi, akainuka. Akaenda ukutani.

"Chantal! Mutoto akipoa, unibakishie kidogo."

"Bila shaka, maman," Chantal akajibu.