Swali la Kumi na Mbili

Nilimtumia kaka yangu maswali kumi na moja, akanijibu kwa dole gumba. Si neno, si "nitakupigia", si hata "pole na kazi". Dole gumba la njano, lile la kwenye simu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nilikuwa na chawa kumi na mmoja.

Na maswali yenyewe hayakuwa ya kipuuzi. Mchezaji akisema anaongea na mlango, mlango ujibu au unyamaze? Dadu ikiangukia chini ya meza, tunahesabu ile ile au mtu anarusha tena? Joka likishiba linalala muda gani? Wachezaji wakianza kugombana wao kwa wao, niwaamue au niwaache mpaka wachoke? Mtu yeyote aliyeachiwa mchezo asioujua angeuliza hayo hayo. Lakini kaka ni mtu wa kuwasha moto na kuondoka, halafu ukimuuliza habari za moshi anakushangaa.

Mchezo wenyewe ni wa mezani. Mtu mmoja, ambaye sisi tunamwita Mwenye Meza, anasimulia: mko kwenye ngome, joka liko juu, mnafanyaje? Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, ameandikwa kwenye karatasi, ana nguvu zake na udhaifu wake. Unasema mtu wako anafanya nini, dadu inarushwa, Mwenye Meza anaamua kilichotokea. Kaka ndiye aliyeuleta, akatufundisha, tukanogewa. Halafu akapata kazi ng'ambo, akanikabidhi boksi lenye dadu saba na kitabu cha sheria kilichochanika mgongo, akasema, "Meza nakuachia." Kwenye kifuniko cha boksi alikuwa ameandika kwa kalamu nene sheria yake kuu: LIMESEMWA LIMESEMWA. Yaani ukishatamka mezani umetamka, hakuna cha "nilikuwa natania".

Tunacheza Jumapili mchana dukani kwangu. Nina duka la kuchapa na kudurufu, na meza ya kukatia karatasi inatosha watu wanne ukisogeza mashine ya kubana vitabu. Wachezaji ni watatu. Mwalimu anafundisha Kiswahili sekondari, anacheza askari mwenye upanga, na anazijua sheria kuliko mwenye kitabu. Mshonaji ni jirani yangu wa duka la pili, anacheza mwizi wa kufungua makufuli, na ndiye anayeandika kwenye daftari kila kinachosemwa, neno kwa neno, maana kaka alisema lazima awepo mwandishi. Wa tatu ni Baba.

Sasa hapa ndipo mnisikilize vizuri. Baba alikuwa fundi wa kuezeka miaka arobaini. Hata mabati ya hilo duka langu aliyapiga yeye, msumari kwa msumari. Mwaka jana kizunguzungu kilimshika akiwa juu, wakamshusha kwa kamba, na daktari akampiga marufuku ngazi. Aliposhuka, alishuka bila maneno yake. Nikimwambia "shikamoo Baba", anajibu "marahaba", imetoka hiyo mpaka kesho. Anakaa kitandani ameelekea ukutani. Kula, mpaka umbembeleze. Mama angekuwa hai angejua la kufanya, mimi sikujua.

Ila Jumapili alikuwa mtu mwingine. Mtu wake wa kubuni anaitwa Kigeugeu, mchawi anayeweza kugeuka kitu chochote, mara moja kwa siku. Enzi za kaka aliwahi kugeuka ngazi wenzake wakapanda ukuta, akageuka gogo wakavuka mto. Anapiga meza, anabishana na Mwalimu, anacheka mpaka anakohoa. Kwa saa tatu kwa wiki nilikuwa na baba. Hizo saa tatu ndizo kaka alizoniachia kwenye boksi, na hakuniambia zinatunzwaje.

Jumapili yangu ya nne mvua ilikuwa inanyesha, ile ya kupiga bati mpaka mnaongea kwa kupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa. Nilichapa ramani ya ngome kwa wino wa rangi, gharama yangu mwenyewe.

"Mko katikati ya ua wa ngome!" nikawapigia kelele. "Kuta nne, uwanja mtupu, hakuna pa kujificha. Joka linazunguka juu yenu, linatapika mawe ya moto. Mnafanyaje?"

Mwalimu akasema anainua ngao. Mshonaji akasema anajikunyata nyuma ya Mwalimu, na Mwalimu akasema ngao ni ya mtu mmoja, dada, kila mtu na lake. Baba akainuka nusu kutoka kitini, mikono yote miwili ameitandaza juu ya meza. Macho yalikuwa yanawaka. "Nageuka paa!" akasema.

Mwalimu alicheka kabla hata Baba hajafunga mdomo. "Paa! Mzee, moto unashuka kutoka juu, wewe unageuka nyama choma?" Mshonaji akacheka huku kalamu inaandika. Na mimi nikacheka. Sitajitetea, nilicheka mpaka nikajifuta machozi, maana nilimwona paa kabisa, na vimiguu vyake vyembamba, anarukaruka kwenye ramani yangu ya rangi. Baba alikuwa anaendelea kusema kitu, midomo ilikuwa inacheza, lakini kati ya mvua na kicheko sikusikia. Sikumwambia arudie.

Nikarusha dadu. Ikaja mbili.

"Paa anaruka kushoto," nikasimulia, tena kwa madaha, "paa anaruka kulia, jiwe la moto linampata shingoni. Kigeugeu amekufa."

Baba hakumtazama Mwalimu. Alinitazama mimi. "Hivyo ndivyo ulivyosikia?"

"Limesemwa limesemwa, Baba," nikajibu, nikagonga kifuniko cha boksi kwa kidole.

"Sawa," akasema. Akakunja karatasi ya Kigeugeu mara nne, akaitia mfuko wa shati, akatoka akaenda zake kwenye mvua, bila mwavuli.

Wiki hiyo hakunijibu hata marahaba. Jumatatu sahani ilirudi kama ilivyoenda. Jumanne vile vile. Jumatano nikapandwa na hasira, nikasimama mlangoni kwake nikamwambia, "Baba, mtu mzima na mvi zako utanuna kwa sababu ya mchezo? Ni mchezo tu!" Akageuza kichwa kidogo, akanitazama, akarudi ukutani kwake. Jumapili hakuja. Mwalimu akasema, "Mzee hajui kushindwa," nami nikamwambia akome, lakini moyoni nilikuwa nimesema hayo hayo.

Nikampigia kaka. Sikutuma ujumbe, nilipiga, mpaka akapokea.

"Swali la kumi na mbili," nikamwambia. "Mtu akifa mchezoni, anarudije?"

"Harudi," akasema. Nyuma yake kulikuwa na muziki. "Akifa amekufa, ndiyo utamu wenyewe. Atengeneze mtu mwingine."

"Hataki mtu mwingine. Ni Baba. Hali chakula."

"Si umbembeleze? Wewe ndiye uko naye hapo." Halafu akaongeza, "Dada, ni mchezo tu."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Kilichonichoma zaidi ni kusikia sentensi yangu mwenyewe ikitoka mdomoni mwake, na kuona ilivyo chafu. Nikakata simu, nikapiga teke boksi, dadu zikatawanyika hadi chini ya mashine. Nikapiga magoti kuziokota moja moja huku naendelea kutukana.

Kesho yake nikaenda kwa Mshonaji kuchukua daftari. Nilikuwa natafuta kasoro yoyote, kosa la kuhesabu, zamu iliyorukwa, kitu chochote cha kumfufulia mtu. Mshonaji alikuwa na pini mdomoni, akanionyesha kwa kidevu. Nikafungua ukurasa wa ile Jumapili. Mwandiko wake ni mzuri, wa kunyooka kama mshono. Ameandika hivi:

*Mzee: Nageuka paa. Paa kubwa. Ingieni wote.*

Nikasoma mara mbili. "Hii umeitoa wapi?"

Akatoa pini. "Alisema. Mimi si ndiye niliyekaa ubavuni kwake?"

"Na hukusema kitu?"

"Kazi yangu kuandika. Ukiwaza, maneno yanakupita. Hiyo ingieni nilidhani anatuambia tuingie vichakani."

"Vichakani wapi, ndani ya ngome?" Nilipiga kelele hadi mteja wake akashusha gazeti. Sikuomba radhi. Nilitoka na daftari kwapani, nikaenda moja kwa moja shuleni, na mlinzi wa geti aliponiuliza naenda kwa nani nilimwambia naenda kwa mjinga mmoja wa Kiswahili. Akanipitisha.

Mwalimu alikuwa ofisi ya walimu anasahihisha insha, kalamu nyekundu mkononi, marundo mawili ya madaftari mbele yake.

"Mwalimu, hujambo. Mnyama paa, tunasema kubwa au mkubwa?"

"Mkubwa," akajibu bila kuinua macho. "Mnyama huyo, ngeli ya A-WA. Paa mkubwa, paa wakubwa. Kidato cha kwanza wanajua."

"Na la nyumba?"

"Paa kubwa, mapaa ma..." Akaishia hapo. Kalamu ikabaki juu ya insha ya mtoto wa watu.

Nikalitupa daftari juu ya marundo yake. Akasoma. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasoma tena.

"Kwa mvua ile sikusikia vizuri," akasema polepole.

"Hukusikia kwa sababu ulikuwa unacheka. Miaka ishirini unawachapa watoto wa watu alama nyekundu kwa ngeli, mzee wangu anatamka ngeli safi mbele yako, wewe unamwita nyama choma!" Walimu wengine walikuwa wamegeuka kutazama, sikujali. Nilikuwa na mengine mengi ya kumpa. Nikafungua mdomo nimalizie, na hapo ndipo hasira ikageuka ikanishika mimi shingoni. Maana Mwalimu baba yake alikuwa karani. Mshonaji sijui hata wa kwao alifanya kazi gani. Mimi je?

Nilipitia dukani nikachukua boksi, nikarudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima nilijisema kwa sauti, watu wakanipisha.

Baba alikuwa pale pale kitandani, uso ukutani. Nikakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kitanda, maana sikuweza kumtazama.

"Baba. Ulisema paa kubwa."

Nilisikia ukucha wake ukikwaruza ukuta.

"Nilisema," akasema.

"Ulitaka kutufunika."

"Mlikuwa uwanjani, moto unashuka. Nifanye nini kingine mimi? Ndiyo kazi ninayoijua."

"Mbona hukuniambia nimekosea? Ungenigombeza, ungepiga meza, Baba, ungenitukana hata mbele za watu!"

Kitanda kikalia, akageuka. "Mwalimu ni wa watu," akasema. "Yule mama wa cherehani ni wa watu. Hao wakisikia mnyama, haki yao. Wewe umezaliwa chini ya bati nililolipiga mimi. Una miaka thelathini na nne, hujawahi kulowa hata siku moja. Nimekaa chini ya mabati yangu mwenyewe, mvua inapiga, nasema paa, na mwanangu anaona swala." Akashusha sauti. "Nikajua basi, kazi yangu imeshasahaulika nami bado niko hai."

Nililia kwa hasira, na safari hii hasira haikuwa ya kaka wala ya Mwalimu wala ya mvua. Ilikuwa yangu yote. Sikumwambia samahani, neno lenyewe liligoma kutoka. Nilichoweza ni kuchukua boksi, nikamwekea kifuniko mapajani.

"Soma, Baba."

"Limesemwa limesemwa," akasoma.

"Basi. Kilichosemwa ni paa kubwa. Kimo kwenye daftari. Mimi ndiye niliyevunja sheria."

Alikirudisha kifuniko mikononi mwangu. Ila jioni sahani ilirudi nusu.

Kaka hajauliza iliishaje, na mimi sina mpango wa kumwambia.

Jumapili nilifungua duka mapema, nikasogeza mashine, nikatandaza ile ile ramani. Mwalimu alifika wa kwanza, akakaa kimya kama mtahiniwa. Mshonaji akaja na kalamu mpya. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu nikaanza kukusanya dadu. Halafu mlango ukasukumwa, Baba akaingia, akavuta kiti chake, akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua mara nne na kuinyoosha kwa kiganja.

Sikumsalimia hata. Niliogopa sauti yangu. Nilisoma tu: "Mko katikati ya ua wa ngome. Kuta nne, hakuna pa kujificha. Mawe ya moto yanashuka. Mnafanyaje?"

Mwalimu hakuinua ngao. Alimgeukia Baba, na Mshonaji akamgeukia, kalamu juu. Nami nikamgeukia.

Baba aliinua macho kwanza, akayakagua mabati ya duka langu, mstari kwa mstari, kama anayetafuta palipoanza kuvuja. Halafu akatandaza mikono juu ya meza.

"Nageuka paa," akasema. "Paa kubwa. Ingieni."

Dadu sikuigusa. "Tumeingia, Baba," nikasema.